Mshahara wa Kulala

Mimi sikuajiriwa nilale. Niliajiriwa niuze magodoro, na kuuza najua. Mteja akianza kubonyezabonyeza kwa kidole, huyo hanunui kitu, amekuja kupunga upepo wa feni. Sasa bosi wetu, ambaye akitupa kisogo tunamwita Sponji, akatukusanya akatangaza kwamba Jumamosi wafanyakazi wote tuje tumevaa pajama, tulale kwenye vitanda vya dirishani, wapita njia watuone.

"Watu hawanunui godoro, wananunua usingizi," akasema, akajichekea mwenyewe. "Atakayevuta watu wengi, namfikiria kwa usimamizi wa duka jipya."

Wifi yangu akapiga vigelegele. Ndiyo, wifi, dada wa mume wangu. Nyumba moja, duka moja. Mungu alinipa mume, akaniongezea na huyo. Nyumbani mimi ndiye ninayeamka kiza bado kinene, nichemshe chai, nipige deki, nimpashie mama mkwe maji ya kuoga. Yeye anaamshwa kwa kubembelezwa utadhani bibi harusi. Usimamizi ule niliutaka kufa na kupona, maana msimamizi anapewa chumba nyuma ya duka. Ningemchukua mume wangu tukahama, nao wakabaki wapikiane.

Jumamosi wifi akaja na pajama ya hariri na kofia yenye kishada. Mimi nilivaa ya mume wangu, miguu ya suruali nimeikunja isiniangushe.

"Wifi, umekuja kulala au kuchimba mtaro?" akaniuliza mbele ya watu.

"Kuchimba," nikamjibu. "Lala nikupime urefu."

Akapanda kitandani akaanza vituko. Mara akorome kwa madaha, mara apigane na mto, mara ajifanye anaota anafukuzwa, aporomoke chini na shuka lake. Watoto wakabandika pua kwenye kioo, wakubwa wakacheka. Mimi kitanda cha pili nimekakamaa kama ubao, namtazama kwa jicho la kumtakia mabaya. Nikasema ngoja nifumbe kidogo tu, nisimwone.

Nikapitiwa.

Kuja kushtuka, nje kumejaa. Nilikuwa nimeachama, mate yamelowesha mto, mguu mmoja nimeutupa nje ya kitanda. Wifi ameketi amenuna, hakuna aliyekuwa na habari naye. Mama mmoja ameingia dukani anamvuta mumewe mkono: "Nataka hilohilo analolalia yule. Tazama alivyozama!" Magodoro ya aina ile yaliisha mpaka stoo. Nilifurahi jamani, acheni tu! Nikawa naona kabisa pazia nitakalotundika kwenye kile chumba.

Sponji akatuita sote wawili ofisini.

"Wewe una kipaji," akaniambia. "Kuanzia Jumatatu kazi yako ni dirisha, kutwa nzima. Nikikupa usimamizi, nitampata wapi wa kulala namna ile?" Akamgeukia wifi. "Wewe kulala huwezi. Shika duka jipya, na chumba chake."

"Chumba fanya stoo tu, bosi," wifi akasema, akinitazama mimi. "Nihame niache chai ya wifi?"

Nikatoka ofisini upesi. Ningebaki pale, ningemng'oa nywele.

Nyumbani habari ilikuwa imenitangulia. Mama mkwe alicheka mpaka akashika mbavu. "Basi sasa uwe unawahi zaidi kuamka, mwanangu, umfungie na wifi yako chakula cha kwenda nacho. Msimamizi hana nafasi. Wewe si unapumzika kutwa?"

Nikamgeukia mume wangu. Nilisubiri neno moja tu kutoka kwake. Alipuliza chai, chai niliyoichemsha mimi, akanywa.

"Mama amesema kweli," akasema. "Mtu analipwa kulala, achoke na nini?"

Wakacheka wote, na yeye akiwemo. Kumbe huyu ndiye niliyekuwa namhangaikia chumba! Nilichukia, nikaweka birika chini nisije nikammwagia.

Asubuhi waliniita kwa upole, kisha kwa kelele, kisha mama mkwe akagonga mlango. Mume wangu akanitikisa bega. Nilikuwa macho kitambo. Nikamwambia aende jikoni yeye na msimamizi wake, nikavuta shuka.