Hodi ya Tatu

Ofisi yangu haina mlango. Niliung'oa mwenyewe kwa bisibisi, nikauegemeza nyuma ya kabati, na wanafunzi wapya wa chuo chetu hapa Arua hucheka wakidhani chuo kimefilisika. Wacha wacheke, mradi wanaingia.

Miaka minne iliyopita mlango ulikuwapo, na juu yake karatasi: Jumatano, saa nane hadi saa kumi, wanafunzi wote mnakaribishwa. Mimi nilikuwa ndani, nimeupa mlango mgongo, jenereta ikinguruma chini ya dirisha, nasahihisha madaftari huku nimenuna. Hakuna aliyekuja. Nikasema vijana wa siku hizi hawataki shule.

Muhula huo Hasifa, binti mpole wa Koboko, alihitaji saini yangu kwenye fomu ya mazoezi ya kufundisha. Bila saini, hakuna mtihani wa mwisho. Siku ya mwisho ikapita. Kwenye orodha, mbele ya jina lake, niliandika: hakufika.

Mwezi mmoja baada ya mtihani nilikwenda Koboko kukagua shule, nikapita kwao nimgombeze. Mama yake, Bi Rehemah, alinipa kiti na chai ya tangawizi. Hasifa alikuwa ameshakwenda Juba, kuosha vyombo hotelini.

"Hakuja ofisini hata mara moja," nikasema.

"Alikuja, mwalimu. Jumatano tatu alikuja." Hakupaza sauti. "Anapiga hodi mara tatu, watu hawaitiki, anarudi. Si iko vile sisi tunafunza watoto?"

Nilikiweka kikombe chini. Mimi Wahabu, mjukuu wa askari wa Kinubi, nililelewa kwa hodi hiyo hiyo: mara tatu, usipoitikiwa, geuka uende zako, usimsumbue mwenye nyumba. Nililijua hilo kabla sijajua kusoma. Niliona haya hata kumtazama mama wa watu.

"Ungeitika tu, mwalimu," akasema. "Neno moja tu."

Niliporudi Arua nilitafuta bisibisi. Kisha nikaifungua orodha, nikalikata lile neno, nikaandika pembeni: alifika, mara tatu. Mkuu wa chuo aliniambia kwa upole kwamba orodha ilishafungwa.

Siku hizi, Jumatano, jenereta ikizimwa ghafla na ofisi ikanyamaza, najikuta nimegeuka na kusema, "Karibu." Mara nyingi hakuna mtu.