Vichwa Vinane Kwenye Kapu la Viazi

Kitegue hiki, wewe unayenisikiliza: anakaa chini ya dirisha, ana mbavu tele na hana moyo, na kila anayemtaka humpa mgongo. Umeshindwa? Basi nipe mji. Nauchukua Plauen, mji wa lesi, na jibu ni rejeta. Siyo ile ya gari, ni ile ya ukutani, inayopitiwa na maji ya moto mpaka chumba kikapata joto.

Katika mji huo, ghorofa ya pili ya jengo la saruji, Bibi Edeltraud Möckel alifungua madirisha yake saa moja asubuhi, tarehe nane Januari, kama alivyofanya kila asubuhi kwa miaka thelathini na sita. Aliyafungua wazi kabisa, dakika kumi, iwe theluji iwe jua. Kule nyumba isiyopigwa hewa ni kama chungu kisichooshwa, majirani watakusema. Alikung'uta mto wake nje, akateleka maji ya kahawa, na aliporudi kufunga alimkuta mumewe Gotthard amekwisha kuingia na kukaa juu ya rejeta.

Gotthard alikuwa na miaka minne tangu afe. Siku aliyokata roho, mkewe alifungua dirisha hilohilo ili roho ipate pa kutokea, ndiyo desturi yao. Sasa alikuwa amerudi kwa njia anayoijua.

"Futa miguu," alisema Bibi Edeltraud.

"Nimekuja kwa njia ya hewa, Traudel," alisema Gotthard, akimwita kwa jina la nyumbani. "Hakuna tope."

"Futa tu."

Akafuta. Kisha akaipapasa rejeta chini yake. "Mbona hii imekufa?"

"Tazama nani anayeuliza."

Ilikuwa hivi. Kabla ya majira ya baridi, kampuni yenye jengo iliondoa vishikio vya zamani vya koki, vile vya kuzungusha kwa namba, ikaweka vichwa vyenye akili. Kichwa hupima joto la chumba chenyewe, huwaambia ofisini, na ofisi, iliyo mji mwingine, ndiyo huamua. Joto likishuka ghafla, kichwa hujua dirisha liko wazi, hufunga maji. Waliovitengeneza hawakufikiria mtaa mzima unaofungua madirisha saa moja asubuhi. Ofisi nayo iliamuru vikishafunga visifungue mpaka jioni, watu wapate somo. Chumba cha Bibi Edeltraud kilikaa nyuzi kumi na nne. Mapafu yake yalikuwa yameliwa na vumbi la kiwanda cha lesi, na daktari alimwambia hayatavuka baridi nyingine namna ile. Lakini mkataba nao ulisema wazi: atakayegusa kichwa cha koki atahama.

Gotthard alipokaa, mambo yalizidi. Mwili wa maiti ni baridi, na kichwa kikaona dirisha liko wazi mchana kutwa.

Kampuni ilimtuma mkaguzi, Bwana Weigelt, mtu wa makamo mwenye mkoba safi. Aliwasalimu wote wawili, akapima chumba, akampima na Gotthard.

"Bwana Möckel ana nyuzi nne," alisema akiandika. "Koki haina kosa. Inamwona yeye ni dirisha."

"Mabomba ya jengo hili aliyafunga yeye, ndiye aliyekuwa fundi wake," alisema Bibi Edeltraud.

"Sikatai, mama. Lakini mgeni akizidi wiki sita ni lazima aandikishwe."

Bibi Edeltraud alikwenda kumwandikisha. Karani wa manispaa alitazama daftari akaona Bwana Möckel alishafutwa, na cheti cha kifo hakina dosari. Akampigia muhuri karatasi inayosema hivyo. Bibi Edeltraud alirudi nayo nyumbani akiwa anakohoa, akasimama mara tatu ngazini.

Gotthard alimsikiliza kikohozi kile. "Kiondoe hicho kichwa," alisema.

"Kiondoe wewe, fundi."

Akajaribu. Kiganja chake kikagandia kwenye chuma kwa barafu, mkewe akambandua kwa kahawa vuguvugu.

"Miaka arobaini nilikufungia kila kitu," alinung'unika Gotthard.

"Ndiyo, na hukunifundisha kufungua hata kimoja."

"Haya, lete taulo. Shika pete hiyo. Zungusha kushoto. Kushoto, mke wangu, huko ni kulia!"

"Usinifokee, umekufa."

Pete ikalegea, kichwa kikamjia mkononi. Chini yake kulikuwa na kijipini kidogo. Kisipokandamizwa na kitu, maji hupita. Rejeta ikakoroma, ikapata moto.

Kesho yake Bibi Seyfarth wa ghorofa ya juu aliteremka na shali mbili. "Traudel, kwako kunakoroma. Umemweka nani?"

"Mume."

"Aa, Gotthard! Zamani ulikuwa mnene."

"Kifo kinapunguza," alisema Gotthard.

Wiki haikuisha, Bibi Edeltraud alikuwa amefungua koki za nyumba zote nane za ngazi ile, moja baada ya nyingine, na taulo lake begani. Kikohozi kilimpungua. Vichwa aliviweka kwenye mfuko wa sandarusi, akavifukia kwenye kapu la viazi chini ya jengo. Huko vilipima viazi na kutuma habari ofisini kila robo saa. Viazi havifungui madirisha. Mwisho wa mwezi kampuni iliwaandikia wapangaji barua ya pongezi: hatimaye wamejifunza.

Bwana Weigelt alikuja na barua nyingine mkononi, ya kuwauliza siri yao ili mitaa mingine iige. Alipapasa rejeta ya kwanza, akaikuta ya moto na haina kichwa, akafuata ishara za vichwa mpaka chini kwenye viazi.

Hakuwa na hasira. Alivipandisha vichwa vyote, akavirudisha kila kimoja mahali pake, akavivika vifuniko vya chuma vyenye skrubu za aina yake. Pembe za vyumba zilikuwa na giza, Bibi Edeltraud akamshikia tochi nyumba zote nane. Kisha aliwakusanya wapangaji ngazini, akafungua fomu.

"Nani aliyeviondoa?"

"Labda viazi," alisema Bibi Seyfarth.

"Ni mimi," alisema Gotthard.

"Bwana Möckel, mkono wako unagandia kwenye chuma. Namtaka aliye hai. Nisipopata jina moja nitaandika nyumba nane, na nyumba nane zitahama. Nani?"

Nyuma ya milango vichwa vilikuwa vinafunga maji, kimoja kimoja, tik, tik. Bibi Seyfarth alimshika Bibi Edeltraud kiwiko, akakishikilia. Bwana Weigelt alingoja, kalamu juu ya karatasi.

Bibi Edeltraud alijitoa taratibu, akamrudishia tochi yake.

"Ni mimi. Edeltraud Möckel, kwa mikono hii. Na hivyo vifuniko ulivyofunga leo, Bwana Weigelt, nimekutazama ukivifunga."