Amefika Wapi Sasa

Juzi watu wa redio walimpa mume wangu maikrofoni, wakamuuliza: "Mwalimu Nourdine, hadithi zako za watoto unazitoa wapi?" Akakohoa kidogo kama mtu mkubwa, akasema anakaa kando ya Lualaba, anasikiliza maji, ndipo mawazo yanamjia. Mimi nilikuwa sokoni napima mawese, na redio ya jirani inatangaza yote hayo. Nilicheka kwa hasira mpaka mteja akadhani namcheka yeye. Maji gani? Huyo mtu haendi mtoni hata kuoga!

Mimi ni Chadia, mke wake. Nauza mawese, chumvi na sabuni hapa Kasongo, na tangu anioe nimeona kwa macho yangu anakozitoa hadithi zake. Anazitoa nyumbani. Ile ya mbuzi aliyeingia msikitini siku ya Ijumaa, mbuzi alikuwa wangu, na aibu ilikuwa yangu. Ile ya bibi anayegombana na redio, huyo ni mama yangu mzazi, na mpaka leo mama hajamsamehe. Tulizoea kutaniana: ukifika kwa Nourdine funga mdomo, la sivyo utajikuta kitabuni. Tulicheka kwa sababu zilikuwa hadithi za kucheka. Kisha ikaja ile ya shimo.

Shimo lilikuwa nyuma ya jiko langu. Alilichimba Feza.

Feza ni binti wa Souleymane, mdogo wake Nourdine, baba mmoja mama mmoja. Mama yake, marehemu Aicha, alifariki mtoto akiwa bado anabebwa mgongoni, kwa hiyo amekulia kwangu. Mimi ananiita mama mukubwa, na Nourdine ni papa mukubwa wake; naye humwita mtoto mama, kama tunavyowaita wasichana huku. Souleymane alikwenda Salamabila kuchimba dhahabu kama vijana wengi wa huku. Mara moja moja alirudi juu ya pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi, na viatu vya mwanawe mkononi. Kila mara vilikuwa vidogo. Alikuwa anasahau kwamba mtoto anakua hata kama baba yake hayupo.

Siku moja shimo walimokuwa wanachimba liliwaangukia. Habari ililetwa na dereva wa pikipiki kutoka Kabambare. Nourdine akapanda pikipiki hiyohiyo akaenda nayo, matope na madaraja ya miti, akafika akakuta udongo mtupu. Hawakuweza kuwatoa. Aliswali pale juu na ndugu za wengine, akarudi kwetu bila hata shati la mdogo wake.

Feza tulikuwa tumempeleka kwa Emilienne na mume wake Théophile, rafiki zetu wanaolima nje ya mji, ili asione kilio. Maana kwetu mtoto mdogo haambiwi habari ya kifo. Ndivyo tulivyolelewa: akiuliza, unasema "amesafiri," unampa ndizi, unangoja akue kidogo. Na huyu mama yake alikwisha kufa, yarabi, nani angefungua kinywa kumwambia na baba pia? Tena neno kama hilo linatoka kwa upande wa baba, yaani kwa Nourdine. Matanga yalipokwisha mtoto akarudi, akauliza. Nourdine akameza mate, akamwambia: "Papa yako iko kazini. Anachimba."

Hata "amesafiri" ilimshinda. Anachimba!

Kesho yake nikamkuta Feza nyuma ya jiko na kipande cha jembe langu lililovunjika, amepiga magoti, udongo mpaka kwenye viwiko.

"Weye! Unatafuta nini hapo?"

"Papa iko anachimba kule, mama mukubwa, na mimi nachimba huku. Tutakutana katikati. Nisipomusaidia atachoka."

Niliingia ndani, nikamwambia Nourdine aende akamwambie mtoto saa ileile, asinywe hata maji kwanza. Akatoka kweli. Mimi nikabaki mlangoni nasikiliza. Akachuchumaa kando yake, akaokota bonge la udongo, akaligeuzageuza mkononi, nikajisemea sasa anasema, sasa anasema. Kisha nikamsikia anauliza:

"Na sasa amefika wapi?"

"Bado iko karibu na Salamabila," Feza akajibu bila kuinua kichwa. "Jiwe kubwa limemuzuia. Lakini kuna kakakuona mumoja anamuonyesha njia. Kakakuona anajua kuchimba kuliko mutu."

Nikaona uso wa mume wangu unabadilika. Ule uso naujua. Ni uso aliokuwa nao siku ya mbuzi.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo kazi yao. Mchana shule ikitoka, mtoto anachimba, papa mukubwa anakaa kando yake juu ya kigoda. Amefika wapi sasa? Amepita chini ya Kabambare. Alijuaje ni Kabambare? Alisikia pikipiki zinazama kwenye matope juu ya kichwa chake, na madereva wanatukana. Anakula nini? Anakula mizizi mitamu, kakakuona anamuchagulia. Anajuaje saa? Akisikia wanawake wanatwanga juu, anajua ni saa ya chakula, anapumzika. Nourdine alicheka, akauliza tena, kisha akaingia ndani kuandika. Sisemi hakumpenda. Alimpenda sana. Lakini alikuwa anamwuliza kwa njaa, na njaa ile haikuwa ya mapenzi peke yake.

Tuligombana. Haki ya Mungu, hatujawahi kugombana vile.

"Mwambie mtoto, Nourdine."

"Nitamwambia. Acha kwanza kitabu kiishe. Nikimwambia leo, hadithi inakatika."

"Hadithi ya nani? Ndugu yako yuko chini ya udongo, mtoto wake anachimba kumfuata, na wewe unamwuliza amefika wapi! Huna hata haya?"

"Nikimwambia atalia, Chadia. Sasa hivi iko na furaha. Umuone anavyocheka. Unataka nimunyang'anye hiyo?"

Nikasonya, nikarudi kwenye sufuria yangu. Alikuwa amenishika pabaya, maana kweli mtoto alikuwa anacheka. Alikuwa anaimba kabisa, na shimo lilikuwa limemfika kiunoni. Kuku wangu wawili walitumbukia humo nikanyamaza.

Kitabu kikaisha. Nilikisoma jikoni, nikalia mpaka nikaunguza maharagwe. Ni kitabu chake kizuri kuliko vyote, siwezi kumnyima hilo. Mle ndani baba anachimba, anachimba, mwisho anatokea kwenye sakafu ya jiko, nywele zimejaa udongo, anaomba chai. Na mtoto wake anamwambia: "Umechelewa, papa. Chai imepoa." Basi. Ndiyo mwisho. Maneno yale alikuwa ameyasema Feza mwenyewe, alipoulizwa siku papa akitokea atamwambia nini.

Nikamwuliza Nourdine, sasa je? Akasema sasa atamwambia, ila tungoje vitabu vitoke kwa wachapaji Kindu, mtoto avione kwanza, afurahi mara moja. Vikatoka Kindu. Akasema tungoje siku ya kukizindua kitabu shuleni ipite.

Siku ya shule ikafika. Direkta, mkuu wa shule, aliwapanga watoto uani, wazazi kwenye madawati nyuma. Nourdine alivaa kanzu iliyopigwa pasi. Mwalimu wa Feza, Sidonie, alikuwa amemfundisha mtoto yule kusoma vizuri kuliko wenzake, na akapendekeza yeye ndiye asome kwanza, kwa kuwa hadithi ni ya nyumbani kwao. Nourdine akakubali, tena kwa furaha. Alijua kila neno la hadithi ile. Hakuna lililomtia hofu.

Lakini Sidonie ni mwalimu wa kweli. Anawafundisha watoto kusoma kila kilichoandikwa, kuanzia juu, kidole chini ya neno, bila kuruka. Feza akasimama mbele, akasoma jina la kitabu. Akasoma jina la papa mukubwa wake, watu wakapiga makofi. Akafungua ukurasa wa kwanza, ule ambao watu wazima tunaupita haraka, una mstari mmoja tu katikati. Akaweka kidole.

"Kwa mudogo wangu, marehemu Souleymane, muchimbaji."

Baadaye Nourdine aliniambia ilivyokuwa. Aliandika jina la ndugu yake peke yake, mkono ukakataa. Na kweli, kwetu jina la mtu aliyekufa halitajwi tupu. Ukilitaja bila marehemu, unakuwa umemkosea heshima, na Souleymane alikuwa hana kaburi lenye jina, hana kitu kingine cha heshima duniani isipokuwa mstari ule. Akaliweka neno. Akadhani watoto hawasomi ukurasa ule. Mtu ameandikia watoto maisha yake yote, bado anadhani kuna ukurasa wasiousoma!

Na usiniambie labda Feza hakulijua neno. Angekosaje kulijua? Tangu azaliwe, mama yake hana jina lingine. Marehemu mama yako alipenda rangi hii. Marehemu mama yako alikuwa na meno kama haya. Neno lile lilikuwa limekaa mbele ya mama yake siku zote.

Kidole kikabaki pale. Akamtafuta Nourdine kwa macho.

"Papa mukubwa, hapa walikosea?"

Mimi kwenye dawati langu nilikuwa naomba Mungu, na sijui hata nilikuwa naomba aseme nini. Angeweza kusema ndiyo, wale wa mashine wamekosea, na mtoto angemwamini, maana alimwamini kwa kila kitu.

"Hapana," Nourdine akasema.

Feza akautazama ukurasa. Nilianza kuinuka nimfuate. Akafungua ukurasa mwingine, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akasoma. Akasoma chote. Jiwe, kakakuona, madereva wa Kabambare, wanawake wanaotwanga. Hakuruka hata neno moja. Alipofika kwenye chai imepoa, watoto wenzake wakacheka, wakapiga makofi, direkta naye akapiga makofi, masikini, hakuwa ameelewa lolote. Feza akafunga kitabu, akampa Sidonie kwa mikono miwili.

Nyumbani alipitiliza mpaka nyuma ya jiko. Alikuwa anasukuma udongo kwa mikono, anaurudisha shimoni. Nikataka kumkumbatia. "Acha, mama mukubwa, nitamaliza," akasema. Nourdine akaja, akakaa chini kwenye udongo na kanzu yake.

"Feza, mwanangu. Nisamehe."

Mtoto akaendelea kusukuma.

"Nilipokuwa nachimba, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Kila siku?"

"Kila siku, mama."

"Na ulikuwa unaniuliza amefika wapi."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaka kuhakikisha amesikia vizuri. Nourdine akajifunika uso kwa mikono, akalia kwa sauti, mtu mzima yule, mpaka jirani akachungulia. Feza akakanyaga udongo ukakaa sawa, akaosha kile kipande cha jembe, akanirudishia.

Alilia baadaye, kwangu, siku nyingi. Tulifanya hitma nyingine kwa ajili yake, tukamkalisha mbele, akaitikia dua zote. Anamtaja baba yake sasa, na analiweka lile neno mbele, kama inavyotakiwa. Anakula, anakua, anacheka. Hadithi bado anazo, usidhani zimekwisha. Akiwa na mimi sokoni anazitoa moja baada ya nyingine: sabuni iliyokataa kuyeyuka, bibi wa chumvi aliyeolewa na mvua. Wateja wanasahau walichokuja kununua. Lakini Nourdine akitokea kule kwenye kona ya soko, Feza ananyamaza, anaanza kupanga sabuni. Namwona mume wangu anapunguza mwendo ili asikie mwisho, na hasikii.

Kitabu kinasomwa shule nyingi sasa, mpaka Kabambare. Watu wanakipenda. Hajaandika kingine.

Basi siku ile ya redio nilirudi nyumbani nimejaa. Nikamkuta amekaa nje, amevaa viatu bado.

"Mto gani ulikuwa unawaambia watu, Nourdine? Huna aibu?"

Akainua macho. "Ningesema nini, Chadia? Niambie wewe. Ningewaambia nini?"

Feza akatoka jikoni na kikombe cha chai cha papa mukubwa wake, anatembea polepole isimwagike. Ana heshima kwake siku hizi, heshima ile tunayompa mgeni. Akamsalimia, akakiweka kikombe kwenye kigoda.

"Leo shuleni kulikuwa na nini, mama?" Nourdine akamwuliza. Kila jioni anauliza.

"Hakuna kitu, papa mukubwa," akasema Feza, akarudi ndani. Chai ilikuwa ya moto.