Gauni la Vipimo vya Zamani

Asubuhi fundi cherehani alikata gauni lake mwenyewe bila kushika futi, maana mwili wake aliujua kwa mkono. Alipomaliza kushona ndipo akaona kosa. Mkono ulikuwa umekata vipimo vya mwaka jana, vya kabla ya madaktari kumpunguza tumbo. Gauni lilimtosha mara mbili na chenji ikabaki. Akalitundika mlangoni, akaenda kubandika chai.

Aliporudi, gauni lilikuwa na mtu. Ni yeye mwenyewe wa mwaka jana, mnene, mashavu yanang'aa, amekaa kwenye benchi la wateja anajipepea.

"Kitendawili," mnene akasema.

"Tega."

"Wamemtoa mlangoni, yumo chumbani."

"Ni wewe. Rahisi mno. Sogea nipite."

Wakaanza kazi. Mnene alikuwa na habari zote za zamani. Alimkumbuka mama yao, Mungu amrehemu, ambaye kila sare ya shule ilipombana binti alikuwa akiongeza kipande ubavuni na kusema, "Kitambaa ndicho kidogo, mwanangu, si wewe." Kisha walikuwa wakicheka, mama na binti, mpaka uzi unakatika.

Fundi alisikiliza, machozi yakidondokea pindo. Tangu upasuaji alikuwa akilia hivyo karibu kila siku. Kliniki walimuuliza kidonda, presha na kilo. Kilio hawakukiuliza, naye aliona haya kulilia kitu alichokiomba mwenyewe. Leo alitaka kumwambia mtu.

Akaingia shangazi yake, ambaye tangu utotoni wa fundi alikuwa akimwita Tangi kwa unene wake. Akamkumbatia.

"Kipenzi changu! Hebu geuka nikuone. Sasa ndiyo nasema nina mtoto!" Kisha akatazama benchi. "We Tangi, sogea huko, unaziba mwanga."

Mnene akasogea.

"Shangazi, mimi silali," fundi akasema. "Nalia tu."

"Unalia nini na kiuno hicho? Wenzako wanakitafuta kwa maombi."

"Na huyo unayemfukuza ni mimi."

"Najua, mwanangu. Kwani mimi kipofu? Ndiyo maana nakwambia umtoe."

Alisema hivyo kwa upendo, huku akimnyooshea kola. Akanywa chai, akaacha blauzi yake ipanuliwe kidogo kiunoni, eti imesinyaa kwa kufuliwa, akaenda zake.

Mnene akauliza kama aondoke. Fundi akafuta uso, akamwambia ashike upande wa pili wa kitambaa, avute taratibu kisijikunje. Cherehani ikaendelea kulia.

Wateja waliokuja baadaye walimsifu mmoja, wakamruka mwingine kwa macho. Wote wawili wakajibu asante.