Lawama ya Mlango wa Zimamoto

Kamanda mpya aliniita ofisini, akanisukumia karatasi tupu. Kituo cha zimamoto cha mtaa wetu kilikuwa kinatimiza miaka thelathini, naye alitaka historia yake ibandikwe ukutani. Mimi ndiye niliyepokea simu pale tangu siku ya kwanza hadi nilipostaafu.

"Andika kwa kifupi," alisema. "Na ile ajali, weka tu kwamba mlango ulijengwa mfupi. Kila mtu anajua."

Niliichukua karatasi. Mlango ule aliujenga kaka yangu, fundi mwashi, baada ya ghala la magodoro kuteketea na watu wa mtaa kuchangia matofali ya kituo. Alilipima gari kwa kamba, akaacha nafasi ya mkono mzima juu. Dereva alikuwa mume wangu, waliyemwita Breki kwa sababu hakuzipenda. Kaka ndiye aliyemleta nyumbani kwetu. Enzi hizo walikuwa chanda na pete.

Mwaka wa kumi na moja wa kituo, asubuhi, simu ililia: karakana ya seremala inawaka. Nikabonyeza king'ora. Breki alikuwa ameinua kidogo ngazi ya juu ya gari ili aipake grisi. Hakuishusha. Nilimwona kwa dirisha langu, nikagonga kioo, nikapiga kelele, "Ngazi! Ngazi!" King'ora kiliimeza sauti yangu. Ngazi iligonga linta, boriti ya juu ya mlango, zege likaporomoka, gari likakwama mlangoni. Wenzake walikimbia na ndoo. Seremala alitoka hai, lakini vidole vyake vya mkono wa kulia viliungua vikakunjamana, hakushika randa tena.

"Mlango ni mfupi," Breki aliwaambia wakubwa. "Shemeji alipima kwa macho."

Nilipoulizwa, nilisema sikuona, nilikuwa kwenye simu. Nilikuwa na mimba ya miezi saba; nikamkinga baba wa mwanangu. Tangu siku hiyo kaka hakupewa hata choo cha kujenga. Walimwita Fundi Mfupi, naye ni mrefu kuliko wote mtaani.

Basi safari hii niliandika kila kitu, hata uongo wangu. Kamanda alisoma huku shingo ikimvimba.

"Unataka kutuchafua siku ya sherehe?"

"Mlikuwa safi lini?"

Akaichana karatasi mbele yangu. Nikatoa nakala ya pili mkobani. "Hii nitabandika mwenyewe. Gundi ninayo."

Nikaibandika kwenye geti, nje. Kufika adhuhuri watu walikuwa wamejazana wakisoma kwa sauti.

Nyumbani Breki alinisubiri amesimama.

"Umenivua nguo barabarani!"

"Nguo zenyewe zilikuwa za kaka yangu."

Alihamishia mto wake sebuleni. Chakula nilichopika alikiacha kikapoa, akajikaangia yai.

Kesho yake nilikwenda kwa kaka. Alikuwa uani akifinyanga vyungu vya maua vya saruji, kazi pekee iliyombakia. Hakuinua macho.

"Uliona?"

"Niliona, kaka."

"Miaka kumi na tisa. Kila Jumapili unakaa kwenye kiti hicho, unakunywa chai yangu, unanipa pole."

"Nilikuwa na mtoto tumboni."

"Mtoto huyo nimembeba mgongoni mimi." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Breki namwelewa. Adui ni adui. Wewe tumenyonya ziwa moja."

"Nisamehe."

"Toka uani kwangu kabla sijasahau kwamba wewe ni mdogo wangu."

Nilitoka. Nyuma yangu nikasikia komeo.

Kamanda aliibandua karatasi getini kwa maji na brashi, lakini watu walikuwa wameshaisoma. Seremala mwenyewe alikuwa wa kwanza kumwita kaka, amjengee ukuta uliobomoka. Nilikutana na kaka juzi akisukuma toroli la matofali, suruali imejaa vumbi la kazi.

"Shikamoo, kaka."

Alilipitisha toroli kando yangu, gurudumu likanikanyaga ncha ya kanga, naye hakugeuka.