Nungunungu Mwenye Mvi

Pale studio kila mtu alimwita Shangazi, hata waliomzidi umri, kwa sababu mwongozaji wa filamu alikuwa mtoto wa kaka yake na hakujua kumwita vingine. Kaka mtu ndiye aliyezichora zile filamu tatu za katuni za Nungunungu, mnyama mwoga mwenye maneno mengi, na sauti ya Nungunungu ilikuwa ya Shangazi. Watoto wa wakati ule walizijua neno kwa neno. Kisha kaka akafariki, na miaka kumi na sita ikapita bila filamu ya nne.

Sasa mpwa wake alikuwa amemaliza kuichora hiyo ya nne. Kilichobaki ni sauti.

"Shangazi, usinielewe vibaya," alisema huku akikwepa macho yake. "Mtayarishaji anataka sauti changa. Amepata msichana. Tunakuomba uje umfundishe tu."

Maneno yale yalimchoma, lakini alienda. Alikaa nyuma ya kioo cha chumba cha kurekodia, akasikiliza. Msichana alikuwa hodari, hakukosea hata herufi, ila hakuna aliyecheka. Walirudia mara tisa. Mwisho msichana mwenyewe akavua hedifoni.

"Mzee, mimi nimekua na filamu hizi. Hapa namuiga yeye tu," alimwambia mtayarishaji, akimwelekezea Shangazi kidole. "Mwenyewe si yule pale?"

Mtayarishaji akaguna. "Sauti yake inakwaruza. Watu watauliza, Nungunungu gani huyu?"

"Aliyezeeka," akajibu Shangazi. "Wewe mwenyewe zile za kwanza zilipotoka ulikuwa na nywele. Yeye kwa nini asizeeke?"

Fundi wa sauti akainamia mitambo kuficha kicheko. Mpwa hakucheka. Alimfungulia shangazi yake mlango wa chumba.

Ilikuwa sehemu ambapo Nungunungu amefika kwenye mto uliofurika, na lazima awavushe wanyama wadogo. Karatasi ya maneno ilimtaka ajigambe. Shangazi akaiweka pembeni, akasema kwa sauti yake ileile ya mikwaruzo, "Mimi siogopi. Yanayoogopa ni magoti, mimi nimeyasindikiza tu."

Fundi akacheka mpaka akaharibu rekodi.

Mpwa alirudi kwenye meza ya kuchorea miezi mitatu mizima, akamchora Nungunungu upya: miiba yenye mvi, hatua nzito, ubishi uleule. Msichana akapewa sauti ya mjukuu wa Nungunungu.

Filamu ilizinduliwa Jumamosi asubuhi. Ukumbi ulijaa wazazi waliowavuta watoto wao kwa mikono. Dakika kumi za kwanza, kimya. Shangazi alikuwa safu ya nyuma, mpwa wake ubavuni.

"Tumeumbuka," kijana alinong'ona.

"Nyamaza, tazama."

Mto ukafika. Magoti yakasindikizwa. Baba mmoja mwenye ndevu akaangua kicheko, peke yake ukumbi mzima. Binti yake akageuka kumshangaa. Kisha, kwenye skrini, magoti ya Nungunungu yakaanza kugongana kweli, na binti naye akawa hana mbavu. Kicheko kikapita safu hadi safu, na tangu hapo watu hawakupumzika. Nungunungu alipokanyaga ng'ambo, akihema, wadogo wote salama nyuma yake, ukumbi ulisimama na kupiga makofi ilhali filamu haijaisha.

Mtayarishaji alipanda ngazi hadi safu ya nyuma akifuta macho bila aibu. "Shangazi, nimekosa."

"Hujakosa. Ulichelewa tu."

Mlangoni, yule binti alionyeshwa na baba yake kwamba huyu ndiye Nungunungu. Akamkagua juu mpaka chini. "Miiba yako iko wapi?"

"Nimeiacha nyumbani, mama. Inatoboa viti vya watu."

Nje, foleni ya onyesho la pili ilikuwa imeshapinda kona. Mpwa alipoiona, akamkumbatia shangazi yake na kumnyanyua juu mbele ya umati wote.

"Niweke chini wewe mtoto, utanivunja!" alipiga kelele, huku akicheka na kuwapungia watu mkono.