Kifuniko cha Mzee Mughwai

Kwanza niliona kifuniko. Nilikuwa nimerudisha ungo kwa jirani yetu, Mama Antipasi, na pale mezani jagi lake la maziwa lilikuwa limefunikwa kwa kitako cha kikapu, ile duara ya kuanzia, kipana kama kiganja, chenye nyuzi nyeupe na kijani. Kilikuwa changu. Nilikianza vitunguu vilipochanua shambani, nikakitia kwenye debe chini ya kitanda pamoja na vingine.

Mama Antipasi alisema amepewa na mama mdogo wangu, Janeth. Majirani wengi walikuwa wamegawiwa.

Nilirudi mbio. Debe lilikuwa limejaa mbegu za mahindi. Mama mdogo, aliyetulea mimi na dada yangu Maria, hakuona kosa. Alisema mtu anayeanza vikapu kila mara na kumaliza kimoja kwa mwaka si msusi, ni mvivu. Nyumbani waliniita Dina Mwanzo, na mimi nilicheka pamoja nao.

Kitako kimoja nilikihitaji. Maria alikuwa anakwenda kuolewa Mitundu, na nilitaka aondoke na kikapu chenye mchoro niliouona mara moja tu. Asubuhi baada ya mvua ya kwanza Maria alipita na baiskeli ng'ombe wakitoka zizini, tairi likaacha mstari uliojipinda katikati ya alama za kwato. Kabla sijamwita mtu aje aone, ng'ombe wa nyuma walikanyaga kila kitu. Nikakimbilia ndani nikashona mizunguko michache, nyuzi nyeusi na nyekundu. Kuchora kwa kalamu siwezi; shule niliishia darasa la nne. Mkono wangu hukumbuka kwa kushona, na usiposhona mapema husahau. Sasa kila nilipojaribu upya, mstari ulinyooka kama reli.

Mama mdogo alisema chenye nyekundu alipewa Mzee Mughwai. Kati ya watu wote, huyo ndiye niliyekuwa nazunguka nyuma ya zizi lake nisikutane naye, kwa sababu hutania watu na mimi sijui kujibu.

Nikachukua nyasi na nyuzi zangu, nikaenda. Nilimkuta kibarazani. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Kifuniko kilikuwa juu ya kikombe chake cha togwa. Nikakinyooshea kidole.

"Hiki sikitoi, mjukuu wangu," akasema. "Nzi wa Mungaa nzima wananichukia kwa ajili yake."

Nilitaka kugeuka niende zangu. Lakini Maria alikuwa anaondoka kweli. Nikaomba kukitazama tu. Akanipa, akabaki anafukuza nzi kwa mkono. Nikakaa chini, nikachomoa sindano kwenye pindo la kanga, nikaanza kingine huku nikihesabu nyuzi za kile cha zamani. Vidole vilisitasita, kisha vikakumbuka. Mstari ukajipinda. Nikashusha pumzi kama mtu aliyetua ndoo kichwani, hata mzee akageuka kunitazama.

Nilipomrudishia kifuniko chake, alikigeuza juani.

"Siku zote nimekuwa najiuliza," akasema. "Hawa ni ng'ombe wanatoka zizini, hilo naliona. Ila huyu nyoka aliyepita katikati yao ni nani?"

Hakuna mtu aliyewahi kuona kilichokuwamo ndani ya vitako vyangu.

"Ni Maria, babu," nikasema. "Na baiskeli yake."

Alicheka mpaka togwa ikamwagika.

Mama mdogo alikuwa anapepeta alizeti niliporudi. Akaona kitako kipya mkononi mwangu.

"Dina Mwanzo. Umeanza tena."

Kile kicheko changu cha kila siku kilinijia. Nikakiacha kipite.

"Mama mdogo, mimi si mvivu," nikamwambia. "Kila nilichokianza ni kitu nilichokiona kikipita, nikakishika mkia."